Gauni Nililomvika Mwanamke wa Kisimani

Mimi si mtu wa ndoto, wasomaji wangu, na wale wanaoamka asubuhi wakaanza kusimulia walichoota huwa nawakatisha nikawaambia wanywe chai yao. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne, nimestaafu, na huu ni mwaka wa sita niko kwenye kazi ya kutafsiri Maandiko kwa lugha yetu ya nyumbani, lugha ambayo siku zote ilikuwa ya kuitia ng'ombe na kugombezea watoto, na hakuna aliyewahi kuichapia kitabu. Kazi hiyo haina nafasi ya ndoto. Ina meza mbili, ina kompyuta moja ambayo umeme ukikatika hufa na mstari mdomoni, ina Mchungaji Mafuru, mwenyekiti wa kamati yetu, na ina mimi, Mwalimu Mugeta, mtu ambaye wanafunzi wake wa zamani bado wakimwona njiani huchomeka mashati. Lakini hii niliyoota Ijumaa ile nitaisimulia, mpende msipende, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimemuumiza mtu, na nisingejua nilimuumizaje kama nisingelala.

Njia yetu ya kazi ni hii. Rasimu ikikamilika hatuipeleki kwanza kwa wasomi. Tunaipeleka uani kwa mtu, wanakaa watu kumi au kumi na watano, wengine wakimenya karanga, wengine wananyonyesha, tunawasomea kwa sauti, kisha tunawauliza swali moja tu: mmesikia nini? Hatuwaulizi kama ni nzuri, maana watasema ni nzuri ili wasituudhi. Ijumaa ile niliwasomea habari ya mwanamke aliyekwenda kisimani kuteka maji mchana, akamkuta Bwana ameketi amechoka, wakaongea, na katika maongezi yao Bwana akamwambia kwamba amekwisha kuwa na waume watano, na huyo aliye naye sasa si mume wake. Mnaijua. Nani asiyeijua.

Sasa, lugha yetu ina neno la mume, na ni neno pana. Linamchukua mwanamume aliyekutoa kwenu kwa ng'ombe, na linamchukua pia shemeji aliyekurithi mumeo alipofariki, kwa kuwa zamani kwetu mjane hakuachwa nje. Wazee wa ukoo walikaa, wakamkabidhi kwa ndugu wa marehemu, apende asipende. Kanisa limeipiga vita desturi hiyo tangu enzi za babu zangu. Nikaogopa. Nikaona nikiliandika neno hilo watu watasema Maandiko yenyewe yamekubali kurithi wajane, na Mchungaji ataniuliza nimekunywa nini. Basi nikaliweka kando, nikatafuta neno jingine, lile linalotumika kwa wanaume ambao mwanamke hupita nao tu, wa mnadani na wa vilabuni. Tena niseme kweli, nililipenda. Lilikuwa na pilipili. Nikajua nikilisoma watu wataamka.

Neno lile alinipa Bibi Nyangeta. Huyu ni mama wa miaka sabini na nane, na kwa lugha yetu hakuna anayemfikia. Nusu ya maneno yetu mazuri yametoka kinywani mwake, na kila tulipokwama nilipanda baiskeli nikaenda kwake. Jumanne ya wiki ile nilimuuliza tu wanaitwaje wanaume wa namna hiyo, akaniambia huku anacheka, na sikumwambia nakwenda kulitumia wapi. Maisha yake kila mtu anayajua. Aliolewa binti, mumewe akafa, akarithiwa na mdogo wa mume, naye akafa, na hivyo hivyo mpaka watano. Alipokufa wa tano wazee wakampeleka nyumbani kwa mzee Chirangi, wa mwisho katika ukoo ule, lakini wakati huo kanisa lilikuwa limekaza kamba. Ndoa haikufungwa, na kumfukuza hakukuwezekana, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Akabaki pale, si mke, si mgeni. Kwa hilo amezuiwa ushirika wa meza ya Bwana miaka ishirini na mbili.

Naye alikuwepo uani pale Ijumaa, nimemwalika mwenyewe. Nilipofika kwenye lile neno langu la pilipili watu wakacheka, kisha mama mmoja akamgeukia Bibi Nyangeta, na wa pili akageuka, mwisho wote wakawa wanamtazama. Nikauliza, mmesikia nini? Kijana mmoja wa duka akajibu kwamba wamesikia habari ya mtu wanayemjua. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Bibi Nyangeta akasimama, akapangusa kanga yake, akanitazama mimi, hakumtazama yule kijana, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, maneno yangu usiyatumie tena." Akaondoka taratibu kwa sababu ya magoti yake, na muda wote huo hakuna aliyeinuka kumshika mkono, hata mimi.

Kesho yake saa nne kamati ilikuwa inakutana kuipitisha sura hiyo iende kuchapwa. Ikishapitishwa imekwisha. Itasomwa kanisani wakati mimi nimeoza, na kila itakaposomwa wajukuu wa wale waliocheka watacheka. Nilijiambia kwamba neno ni sahihi, kwamba mwanamke yule wa kisimani tumefundishwa hivyo tangu utoto, kwamba mtafsiri hawezi kumbembeleza kila mtu. Nikafika nyumbani nimenuna, mke wangu akaniuliza kulikoni nikamjibu vibaya, nikakataa chakula, nikajilaza kwenye kochi saa kumi na moja ya jioni na rasimu kifuani. Usingizi ulinichukua nikiwa bado nabishana na mtu asiyekuwepo.

Nikajikuta natembea barabara ya changarawe, katika nchi ambayo sikuwahi kuiona, yenye mashamba pande zote mbili lakini hayana mazao, yana watu wamesimama kwenye matuta wakinena kila mmoja lugha yake, na sauti zao zilinifikia kama kelele za soko ukiwa bado hujalifikia. Kichwani nilikuwa na furushi. Sikukumbuka aliyenitwika. Lilifungwa kwa kamba ya katani na mtu aliyejua kufunga, na lilikuwa zito upande mmoja, likinivuta shingo mpaka nikawa natembea upogo. Mbele yangu alikuwa anatembea mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye shingo nene ya mtu aliyebeba vitu maisha yake yote na raba zilizokanyagwa visigino, na bila kugeuka akaniambia nisilihamishe furushi ili nipate nafuu, kwa kuwa uzito ule umewekwa hivyo kwa makusudi. Nikamuuliza yeye ni nani wa kunipangia. Akasema anaitwa Amana, na kwamba kila anayebeba kitu cha mtu kumpelekea mtu mwingine hutembea naye, akijua asijue.

"Hilo ulilobeba si lako," akasema. "Aliyekutwika yuko nyuma huwezi kumrudia, na utakayemkabidhi yuko mbele hawezi kukukagua. Hapa katikati uko peke yako, Mwalimu, na vitu vingi hupotea hapa hapa katikati."

Nilitaka kumjibu, maana sipendi kufundishwa, lakini tulikuwa tumefika kwenye nyumba ya kupumzikia wasafiri, yenye baraza pana na viti vya kulala, na mwenye nyumba ametoka na bakuli la maji ya kunawa kabla hata sijabisha. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti niliyoijua. Jamani, ilikuwa sauti ya yule aliyenifundisha shule ya Jumapili nikiwa na miaka saba, akitupa pipi tukijibu vizuri, na machozi yalinilenga. Jina lake Mazoea. Alilipokea furushi langu, akalipigapiga kwa kiganja, na bila kufungua hata fundo moja akaniambia kilichomo: ni habari ya yule mwanamke mhuni wa kisimani, aliyekwenda kuteka mchana kwa kuona haya ya wenzake, tena akasema ananijua, kwa kuwa amewahudumia wengi wenye furushi kama hilo. Akaniletea uji ambao hauhitaji kutafunwa. Niliunywa wote. Kuta za nyumba yake zilijaa mafurushi ya wasafiri waliotangulia, yamepangwa vizuri, kamba zake hazijaguswa, panya wamekwisha kutoboa baadhi yake, na wenyewe walikuwa wamelala kwenye viti wakitabasamu, wengine ndevu zimefika tumboni.

Amana alinishika mkono wa shati akanitoa nje, nami nilikwenda huku nageuka nyuma. Nikamwambia yule bwana ni mtu mwema. Akakubali kabisa, akasema Mazoea amelea watoto wengi ambao wasingepata mtu mwingine wa kuwalisha, na nisije nikamdharau. Kosa lake ni moja tu, kwamba hajawahi kufungua furushi la mtu, na anawasimulia watu kilichomo. Nikatembea nimeinama, kwa kuwa mimi nimeisimulia habari ya yule mwanamke darasani zaidi ya mara mia, na kule kuona haya kwake nilikusimulia kila mara, na sikuweza kukumbuka nilikusoma mstari gani.

Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha barabarani, mti umekingamishwa njiani, na mlinzi wake alikuwa mwembamba, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, jasho linamtiririka ingawa palikuwa na ubaridi. Huyu ndiye Hofu ya Watu. Hakunitazama usoni, alitazama nyuma ya bega langu, kama kuna mkutano umesimama pale. Alilifungua furushi nchani, akachungulia, akalifunga haraka kama mtu aliyeona nyoka, kisha akaanza kuniambia watasema nini. Wazee watasema hivi. Wachungaji watasema vile. Vijana watasema kanisa limerudi kwa mizimu. Hakusema kilichomo ni uongo. Alisema ni kweli, ila watu watasema. Akanielekeza kibanda cha fundi kando ya barabara, nikashonewe kitu cha kukifunika kilichomo, ndipo aniinulie mti nipite. Nilikwenda mbio, nikimshukuru. Amana alisimama barabarani hakunizuia, akasema tu kwamba yeye hamshiki mtu kwa nguvu.

Fundi alikuwa Hukumu. Alikaa nyuma ya cherehani ya kukanyaga, anashona bila kuinua kichwa, na kibandani mwake hapakuwa na utepe wa kupimia, nilitafuta sana kwa macho. Nguo zote zilikuwa tayari. Aliponisikia akasema, "Kazi yako ilikwisha tangu Jumanne, Mwalimu," akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na msumari mtupu, na chini yake kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki, kina maelekezo ya ushonaji yaliyoandikwa kwa chaki. Mwandiko ulikuwa wangu. Ule wa ubaoni, wenye mkia kwenye herufi ya mwisho, hauwezi kuigwa. Nikamwambia sijaagiza kitu. Akasema kwa upole, wala si kwa kebehi, kwamba wote husema hivyo, kwamba yeye hana kitambaa chake mwenyewe na hajawahi kuwa nacho, anashona kile anacholetewa, na kwamba mwenye gauni amekwisha kulivaa na yuko kisimani. Nilitoka kule bila kuaga, nikapita chini ya ule mti wa kizuizi kwa kuinama, na furushi langu likawa limezidi uzito upande uleule.

Kisima kilikuwa cha mawe, kwenye tambarare isiyo na kivuli, na jua limesimama utosini. Watu walikuwa wamekizunguka, lakini waliacha nafasi kubwa upande mmoja, na hapo ndipo aliposimama peke yake mwanamke mwenye mtungi, amevaa gauni jekundu linalobana mabegani na kuburura chini, limefungwa kwa vifungo mgongoni, mahali ambapo mikono yake mwenyewe haifiki. Kila alipoinama kuteka, gauni lilimkaba, na kila lilipomkaba watu walicheka. Nilitarajia uso wa Bibi Nyangeta, niwe mkweli, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kwa uso huo. Haukuwa wake. Ulikuwa uso wa mtu nisiyemjua kabisa, wa nchi nyingine na zamani nyingine, na hapo nilishtuka kuliko kama ningemjua, kwa sababu kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba ana uso.

Alinitambua yeye. Akatua mtungi, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye mwandiko. Nikasema ndiyo.

"Nani alikueleza habari zangu?" akauliza.

Nikamwambia nimezisoma.

"Na hapo uliposoma, nimeitwa hivi?" Akashika upindo wa lile gauni.

Nikasema hapana. Nikaanza kumweleza kuhusu kamati, kuhusu wajane na ukoo, kuhusu Mchungaji, maneno mengi ya mtu anayezama, naye alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo lilinichoma zaidi. Kisha akanigeuzia mgongo, akaniomba nimfungue. Nikajaribu. Vifungo vilikuwa vimeshonewa ndani kwa uzi wa kazi nzuri, uzi wangu, na vidole vyangu vilivyosahihisha daftari za vizazi viwili havikuweza kufungua hata kimoja. Nililia. Nasema wazi nililia, mtu mzima, mbele ya watu.

Ndipo akaja Huruma. Alikuja akikimbia, kijana, mrembo, macho yamevimba kwa kulia kabla ya sisi, na mikononi amekunja nguo nyeupe safi. Ilikuwa nguo ya ujane. Akaniambia tumvike hiyo, tuwaambie watu kwamba waume wote watano walimfia, kwamba ni mama mwenye misiba mitano, na hakuna atakayethubutu kumcheka tena. Moyo wangu uliruka. Nilimwona Bibi Nyangeta, niliiona sura ile ikisomwa kanisani na watu wakifuta machozi, nikajiona mimi mwenyewe nikisifiwa kwa kumtendea haki. Nilikwisha kuinyoosha ile nguo mikononi mwangu, natafuta mikono yake iingilie wapi, Amana aliponisimamisha. Tangu tuanze safari hakuwa amenigusa isipokuwa kwa shati, na sasa alinishika kifundo cha mkono akakikaza mpaka kikauma.

"La kwanza ulimvika bila kumuuliza," akasema. "La pili nalo unamvika bila kumuuliza. Ukimpenda ni sawa, ukimchukia ni sawa, yeye yuko palepale ndani ya nguo yako. Fungua furushi."

Huruma akasema kwa uchungu kwamba watu watamcheka. Amana akamjibu taratibu, kama dada mkubwa, kwamba mtungi ule ni mzito na una mikono miwili, na kama anampenda kweli ashike mmoja. Huruma akafuta uso, akaenda akashika. Mimi nikapiga magoti nikafungua zile kamba za katani, na nilishangaa zilivyofunguka kirahisi. Ndani mlikuwa na nguo yake. Nguo ya kushindia, rangi ya udongo, imefuliwa mara nyingi, na pindoni imetariziwa kwa uzi mweusi maneno machache: kwamba amekwisha kuwa na waume watano, na huyu aliye naye si mume wake. Sehemu nyingine yote ilikuwa wazi. Hapakuwa na ua, hapakuwa na mstari, kitambaa kitupu kutoka bega hadi pindo. Nikaunyanyua upande huo na mkono wangu ukaanguka kwa uzito. Hapo ndipo palipokuwa pakinivuta shingo njia nzima.

Nikamuuliza Amana nini hiki kisichoandikwa kitu na kinanielemea hivi. Akasema ni yale ambayo hayakusemwa. Haikusemwa kwamba walikufa. Haikusemwa kwamba walimwacha, wala kwamba yeye aliwaacha, wala kwamba alikuwa anazunguka usiku. Aliyenitwika angeweza kuyasema na hakuyasema, na hayo nayo ni mzigo, nayo hubebwa na kufikishwa kama yalivyo. Nikamwambia watu wetu wataniuliza. Wataniuliza kwa nini watano, na mimi ni mwalimu, siwezi kusimama mbele ya watu nikakosa jibu.

"Waambie hukuambiwa," akasema Amana.

Yule mwanamke alikuwa amenyoosha mikono. Nilimpa nguo yake mwenyewe, si kwa kumvika, nilimpa tu mkononi, na alipoipokea vile vifungo vyangu vikaachia kimoja kimoja, gauni jekundu likaanguka juu ya mawe ya kisima na halikutoa hata mlio. Akajivika. Akawageukia wale watu, na hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyelia. Walimtazama pale palipo wazi, na niliona kila mmoja wao anapasoma na midomo inacheza. Mama mmoja akasogea akakaa katika ile nafasi iliyoachwa. Nilitaka kuuliza kila mmoja anasoma nini. Sikuwahi, maana jogoo wa jirani alikuwa anawika, na mke wangu alikuwa amenifunika shuka.

Ilikuwa alfajiri. Nimelala saa kumi na mbili mfululizo, rasimu iko sakafuni, na nilikaa kwenye kochi nikaona jambo ambalo miaka sita ya semina haikunionyesha. Siku zote nilidhani hatari ya kazi yetu ni kukosea, kuweka neno la ng'ombe mahali pa mbuzi. Kumbe nilikuwa sijakosea kwa kutojua. Nilijua neno la mume, nilikuwa nalo mkononi, Maandiko yalinipa hilohilo, nami nikalibadilisha kwa kuwa nilitaka watu wasikie kile nilichokuwa nimekwisha kukiamini. Nikaokota rasimu, nikakata neno langu, nikaandika neno la mume, lile pana, na kando nilikokuwa nimepanga kuweka maelezo ya kwamba pengine alikuwa mjane, nikaacha karatasi nyeupe. Nikanywa chai kwa haraka, nikachukua baiskeli.

Bibi Nyangeta alikuwa amekaa kizingitini anapepeta mtama. Mzee Chirangi, ambaye macho yake yamekwisha, alikuwa uani anaota jua la asubuhi. Nilimwamkia Bibi, akaitikia marahaba bila kuinua uso kutoka kwenye ungo. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha, kwamba neno lile alinipa yeye kwa mapenzi mema nami nikalifanyia uhuni, na kwamba nimelitoa. Nikamwomba nimsomee tena. Akaendelea kupepeta, lakini polepole, ili asikie.

Nilipofika kwenye waume watano, ungo ukasimama.

"Kisire," akasema. "Huyo alinitoa kwetu. Mgaya, mdogo wake. Machota. Wandiba, hatukumaliza mvua mbili. Nyamsenda, mtoto wa baba yao mdogo." Akatazama uani. "Na huyu kweli si mume wangu. Ni mtu aliyenipa paa. Endelea, kisha akamwambiaje?"

Nikaendelea mpaka mwisho, pale mwanamke anapouacha mtungi na kwenda mjini kuwaita watu. Alisikiliza, kisha akaniuliza kule kukemewa ni wapi, labda nimeruka. Nikamwambia sijaruka. Akataka nirudie, nikarudia yote, naye amenielekezea sikio lake zuri. Nilipomaliza aliweka ungo chini, akaingia ndani akatoka na kanga safi, akaniambia tukokote baiskeli twende wote kwenye kamati kwa miguu kwa kuwa hawezi kupanda.

Kamati ilikuwa imekwisha kukaa. Mchungaji Mafuru alishangaa kumwona Bibi Nyangeta, lakini ni mtu wa heshima, alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe. Nikasoma sura kama nilivyoibadilisha. Mchungaji alisikiliza amekunja uso, si kwa hasira, ni mtu anayebeba mambo kwa uzito, kisha akasema ana wasiwasi mmoja tu: tukiandika mume, neno la heshima kabisa, watu wetu watajuaje ubaya wa maisha ya mwanamke yule? Kemeo la Bwana kwake litaonekana wapi?

Nikafungua mdomo, lakini Bibi Nyangeta alinigusa mkono.

"Mchungaji," akasema, "Mwalimu amenisomea mara mbili asubuhi hii, na hilo kemeo sikulisikia. Mimi sijui kusoma. Wewe unajua. Nionyeshe lilipo."

Mchungaji akasema hakuna shida. Akachukua Maandiko yake mwenyewe, yale ya Kiswahili aliyohubiria miaka yote, jalada limebanduka, akavaa miwani, akafungua bila kutafuta ukurasa kwa jinsi alivyopazoea. Akaweka kidole juu, akaanza kushuka nacho mstari kwa mstari, midomo inacheza. Akafika chini. Akageuza ukurasa, akasoma, akarudi nyuma, akaanza tena juu, safari hii polepole zaidi. Bibi Nyangeta alikaa ameweka mikono mapajani akimngoja, nasi sote tukamngoja, na Mchungaji aliendelea kutafuta.